Goba Imepanda Bei, Nani Amepanda Nayo?

Wewe uliyekwama kwenye foleni pale Kimara, redio ya dereva inakufikia kwa shida mpaka siti ya nyuma, pole sana, ila usishuke. Mazungumzo ya leo ni yako hasa. Nitakufikia, nivumilie kidogo.

Leo tunatembelea viunga vya Dar es Salaam. Hatuendi Posta wala Kariakoo, huko kuna watu wa kutosha wa kuwasemea. Tunakwenda Goba. Tukitoka Goba tunapita Madale, Makabe na Msakuzi, halafu tutavuka mpaka wa mkoa tuwaone waliokwenda Mapinga, Kerege, Kibaha na Mlandizi. Ni safari ndefu kwa muda mfupi niliopewa, lakini bodaboda zetu mnazijua.

Nina swali moja tu. Nitaliuliza sasa, nitaliuliza katikati, na kabla hatujaagana nitaliuliza tena, kwa hiyo mnisamehe mapema. Swali ni hili: tunaposema mtaa umetajirika, ni nani aliyetajirika?

Maana tunasema kila siku. "Goba siku hizi siyo ile." "Madale kumechangamka." Lami ipo, supamaketi ndogo ipo, duka la dawa lipo, duka la vigae, shule ya watoto wadogo yenye basi la njano. Zamani ardhi ya huku ilitajwa kwa heka. Leo dalali anakutajia kiwanja cha ishirini kwa ishirini, na bei yake inakufanya uombe maji ya kunywa. Ukisimama kituoni ukatazama zile nyumba za kilimani, utasema watu wa Goba wamefanikiwa. Sawa. Watu wa Goba wepi?

Turudi nyuma kidogo, na wenye mvi mtanisahihisha nikikosea. Mpaka miaka ya 1980 sehemu kubwa ya huku ilikuwa mashamba na vichaka. Mikorosho, miembe, minazi, mihogo. Wenyeji wengi walikuwa Wazaramo, na kati yao walikuwapo watu wa makabila mengine waliofika mapema wakapewa au wakauziwa pa kulima. Kipato cha nyumba kilikuja kwa msimu: korosho ikivunwa kuna hela, isipovunwa mnakula mihogo na kusubiri. Wengine walichoma mkaa. Upande wa bahari, kule Kunduchi, kulikuwa na samaki, na kulikuwa na kokoto, kina mama wamekaa juani wakipasua mawe kwa nyundo. Na pale Wazo kiwanda cha saruji, kilichoanza kazi mwaka 1966, kiliwapa baadhi ya watu kitu ambacho majirani zao hawakuwa nacho: hela inayokuja mwisho wa mwezi bila kujali mvua.

Halafu ikaja ile miaka. Mnaikumbuka, miaka ya foleni za sukari na sabuni. Mshahara wa mfanyakazi ulipungua nguvu mpaka mtu akawa anakwenda ofisini kulinda jina tu. Mtafiti mmoja, Aili Mari Tripp, alichunguza maisha ya familia za Manzese na Buguruni katika kipindi hicho, na kitabu chake kikatoka mwaka 1997. Alichokionyesha ni kwamba nyumba nyingi hazikuwa zinaishi kwa mshahara. Ziliishi kwa shughuli za pembeni, na kina mama ndio waliokuwa wamezishika: maandazi, kuku, ushonaji, biashara ndogondogo za barazani.

Nimemtaja kwa sababu. Katika miaka hiyohiyo, mfanyakazi wa mjini naye alitafuta shamba nje ya mji, ili apate mahindi na mihogo ya kusukumia mwezi. Akaja Mbezi, akaja Goba, akaja Tegeta. Shamba la kulima Jumamosi na Jumapili. Mashamba hayo ya Jumamosi ndiyo yaliyokuja kuwa nyumba. Baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986 biashara ikafunguka, saruji na bati zikaanza kupatikana, na aliyekuwa analima akaanza kuchimba msingi. Rafiki yake ofisini akamuuliza: huko kwako hakuna kipande na mimi nijisogeze? Kikapatikana. Rafiki naye akamleta shemeji.

Serikali nayo haikukaa kimya. Mwaka 2002 ilianza mradi wa Viwanja 20,000, ikapima Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma na kwingineko. Lakini Goba na ndugu zake hawakungoja ramani. Watu walinunua kwa mwenyeji, mbele ya mjumbe, karatasi ikaandikwa kwa mkono, mashahidi wakasaini, minyaa ikapandwa mpakani, basi. Lami ya kutoka Mbezi kupitia Goba ilipokuja katika miaka ya 2010, aliyekuwa akisitasita akaacha kusitasita. Kuanzia mwaka 2015 Goba ikahesabiwa chini ya wilaya mpya ya Ubungo, na leo mtoto aliyezaliwa pale haelewi ukimwambia babu yake alikuwa anasema "nakwenda mjini" akimaanisha safari ya siku nzima.

Sasa tumtazame aliyeuza. Nataka tukae naye hapa kidogo, kwa sababu tunamsema vibaya bila kumpigia hesabu.

Tuchukulie mzee mwenye heka tatu. Hakuuza zote kwa siku moja, hakuna anayefanya hivyo. Aliuza kipande cha kwanza mke alipolazwa. Akauza cha pili mtoto alipofaulu na shule ikataka ada na godoro. Cha tatu alikiuza kwa sababu mgeni alikuja na gari, akakaa barazani, akasalimia vizuri, akatoa bahasha. Kila alipouza, bei ilikuwa nzuri kuliko ya mara iliyopita, kwa hiyo mzee akaona anaielewa biashara. Lakini angalia kilichotokea nyuma ya bei. Mikorosho iliyokuwa inamletea hela kila mwaka imekatwa na mnunuzi ili apitishe ukuta. Mihogo haipo. Hela ya kila mwaka imegeuzwa kuwa hela ya mara moja, na hela ya mara moja ina ndugu wengi. Bati jipya, pikipiki ya kijana, msiba wa dada yake Kisarawe, harusi ya mjukuu. Baada ya miaka kumi mzee anaishi kwenye nyumba iliyoezekwa upya, imezungukwa na kuta za watu, na njia aliyokuwa akipita kwenda kisimani ina geti.

Watu wa vijiweni watakuambia, "Mzee alikula kiwanja." Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mzee hakuwa na bima ya afya. Hakuwa na pensheni, kwa sababu mkulima wa mikorosho alipwe pensheni na nani? Hakuwa na benki ambayo angeingia na ile karatasi ya mjumbe akatoka na mkopo wa ada. Ardhi ndiyo ilikuwa bima, ndiyo pensheni, ndiyo mkopo, na kila alipoitumia ilibidi akate kipande. Mwenye kadi ya bima akiugua, hakatwi kona ya nyumba. Mzee alikatwa. Sasa nani alikula nini?

Na mama? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Lakini ziangalieni zile karatasi za mauziano, mnazo kabatini. Jina la mama liko wapi? Liko kwenye mashahidi, chini kabisa, pamoja na alama ya dole gumba. Au halipo. Naye ndiye aliyekuwa anailima ile mihogo.

Hapa niseme jambo la pembeni, mtanisamehe. Mitaani kwetu kuna asilimia 10 mbili. Ya kwanza ni ile ambayo kwa mazoea imekuwa ikidaiwa kwenye ofisi za mitaa kila kiwanja kinapouzwa, na risiti yake usiiulize. Ya pili ni ya kisheria: halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwakopeshe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne, nne, mbili. Muulize yule mzee na watoto wake. Ya kwanza wanaijua hadi mwaka na tarehe. Ya pili wameisikia redioni.

Haya, tulirudie swali letu. Mtaa umetajirika. Nani ametajirika?

Panda daladala la asubuhi linalotoka mashambani. Mwanzo wa safari limejaa watu wenye matenga ya kuku na viroba vya mihogo. Njiani hawa wanashuka kituo kimoja kimoja, wengine wanapanda. Linapokaribia Posta, ndani yake kuna mashati ya mikono mirefu, tai na laptopu. Je, mtu atasema wale wenye viroba wamevaa tai njiani? Hapana. Hakuna aliyeivalia tai humo ndani. Wenye viroba wameshuka na viroba vyao, na wenye tai walipanda tayari wamezivaa.

Ndivyo ilivyo Goba. Ukipima kipato cha Goba ya mwaka 1995 ukakilinganisha na cha leo, utaona kimepanda sana, na hutakuwa umedanganya. Ila umepima watu wawili tofauti waliokaa mahali pamoja kwa nyakati tofauti. Wa kwanza kashuka. Na wastani wa mtaa hauna kumbukumbu ya walioshuka.

Basi walioshuka wako wapi? Hapa nitawapa takwimu mbili tu, mzishike, nyingine tuwaachie wenye kazi yao. Ya kwanza ni ya Dar es Salaam. Kati ya sensa ya 2002 na ile ya 2012, watu wa mkoa huu waliongezeka kwa wastani wa asilimia 5.6 kwa mwaka. Kasi ya kutisha. Lakini kati ya 2012 na sensa ya Agosti 2022, wastani ulishuka hadi asilimia 2.1. Je, watu wameacha kuja Dar? Muulize kondakta yeyote. Hawajaacha.

Ya pili ni ya jirani yetu, mkoa wa Pwani. Mwaka 2012 Pwani ilikuwa na watu milioni moja na laki moja hivi. Mwaka 2022 ilikuwa na zaidi ya milioni mbili. Miaka kumi, karibu mara mbili! Yaani mji haukusimama. Mji umevuka mpaka wa mkoa, na kwa kuwa sensa inahesabu kwa mikoa, ukitazama Dar peke yake unadhani umetulia. Tazama Dar na Pwani kwa pamoja, utaona mji uleule unatembea.

Sisemi kwamba wote walioongezeka Pwani wametoka Goba na Madale, ningekuwa nawadanganya. Wapo waliofuata viwanda vya Kibaha na Mkuranga. Wapo vijana waliopata kiwanja cha bei wanayoiweza. Wapo wastaafu wanaotaka hewa. Lakini mlemle ndani yumo pia mtoto wa yule mzee wa heka tatu, aliyegawiwa hela badala ya ardhi, na hela ile Goba isingemnunulia hata mahali pa choo, ikabidi aende Mlandizi. Huyo hajulikani kama mtu wa Goba tena. Akihesabiwa, anahesabiwa kama maskini wa Mlandizi.

Sasa tuje kwa waliopanda. Msije mkadhani nina ugomvi nao. Ni walimu hawa, wauguzi, makarani, wafanyabiashara wa Kariakoo, maofisa wa kati. Claire Mercer, aliyechapisha kitabu mwaka 2024 kuhusu viunga vya kaskazini mwa Dar es Salaam, anawaandika kama watu ambao ardhi na ujenzi ndivyo vilivyowapa nafasi yao katika jamii, na kweli, mnaojenga mnajua wenyewe. Msingi mwaka huu. Miaka mitatu nyasi zinaota ndani. Kuta. Miaka miwili tena. Kupaua, hapo mama mwenye nyumba amevunja kikoba na baba ameuza gari. Mnahamia hakuna dari, hakuna vigae, madirisha yana nondo na nailoni, kwa sababu kodi ya mjini imewachosha. Nyumba ya namna hiyo haina mkopo wa benki hata shilingi. Ina jasho.

Lakini tazama umri wao. Aliyehamia mwaka 1997 akiwa na miaka 40, leo anakaribia 70. Watoto aliowajengea vyumba vitano wameondoka: mmoja Dodoma amefuata ofisi yake ya serikali, mmoja Mwanza, mmoja kapanga Sinza kwa sababu hataki foleni. Na hao watoto wenyewe wanazaa wachache. Kwa utafiti wa afya ya uzazi wa 2022, mwanamke wa mjini Tanzania anatarajiwa kuzaa watoto kati ya watatu na wanne, wa kijijini anazidi watano. Kwa hiyo kwenye mtaa wenye nyumba kubwa kubwa kuna wazee wawili wawili, mjukuu mmoja wa likizo, na dada wa kazi. Ukuta mrefu, sauti ndogo.

Na kipato cha wazee hao? Mshahara umekoma. Kiinua mgongo, mjadala wa kikokotoo cha mafao mnaujua, sitauanza upya hapa maana sitaumaliza. Kwa hiyo mstaafu anafanya nini? Anaitazama nyumba. Anavunja ukuta wa mbele, anajenga fremu nne: saluni, wakala wa pesa, duka la vipuri vya pikipiki, na moja imefungwa inasubiri mpangaji. Nyumba ya uani iliyokuwa ya kuku wa nyama, baada ya bei ya chakula cha kuku kumshinda, inapigwa lipu na kuwa vyumba vitatu vya kupangisha. Yule aliyekuwa mtu wa mshahara sasa ni mtu wa kodi. Ukimhesabu ana nyumba ya mamilioni. Ukimfungulia pochi, anasubiri mpangaji wa fremu ya tatu alipe miezi sita ili anunue dawa ya presha.

Na hapo ndipo anapoingia mtu wa tatu, mpangaji. Hapa nakuja kwako wewe wa siti ya nyuma. Upo?

Huyu ni kijana, au mama mwenye mtoto mmoja au wawili. Hana habari ya mikorosho, hana habari ya minyaa. Amekuja Makabe kwa sababu chumba cha huko ni cha bei nafuu kuliko Kijitonyama. Lakini hebu tupige hesabu pamoja, ni mfano wangu wa kubuni, weka namba zako mwenyewe. Mama anafanya kazi dukani Kariakoo. Bodaboda mpaka barabarani, daladala mpaka mjini, jioni hivyo hivyo kurudi. Tuseme shilingi 3,000 kwa siku. Siku 26 za kazi ni shilingi 78,000. Sasa, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Najua, bei zimepanda tangu wakati huo, msinipigie simu. Lakini ona ukubwa wake: nauli peke yake imeuzidi mstari huo. Ukimpima huyu mama kwa hela inayopita mikononi mwake, si maskini. Hela inapita kweli. Inapita kwenda kwa kondakta.

Na muda? Anaondoka mtoto amelala, anarudi mtoto amelala. Mtoto analelewa na jirani, na jirani huyo mara nyingi ni nani? Ni mjukuu au mke wa mwana wa yule mzee wa heka tatu, aliyebaki kwenye kile kipande cha mwisho, anayelipwa kidogo kwa mwezi kwa kulea, anayechoma vitumbua asubuhi. Kwa hiyo hawa watu watatu, mwenyeji, mjenzi na mpangaji, wanalishana. Mwenyeji anamuuzia mpangaji vitumbua na anamfulia mjenzi. Mpangaji anamlipa mjenzi kodi. Mjenzi ananunua maji kwa kijana wa mwenyeji mwenye mkokoteni pale bomba linapokauka. Hela inazunguka mtaani, ila haizunguki sawasawa.

Mfano mdogo wa kutozunguka sawasawa: kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni kodi ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni nani? Mpangaji. Kwa sheria anaweza kumdai mwenye nyumba amrudishie. Nitajieni mpangaji mmoja aliyekwenda kugonga mlango wa mwenye nyumba kudai hela hiyo, nami nitamwalika studio.

Mpangaji huyohuyo, mkutano wa mtaa ukiitishwa Jumamosi asubuhi, yuko Kariakoo. Wanaojadili wapi paende kalavati na wapi paende soko ni wale wenye nyumba, tena wale waliostaafu. Wanachagua kalavati mbele ya kuta zao, siwalaumu, ungekuwa wewe ungefanya hivyo. Lakini mtaa wenye wapangaji wengi kuliko wenye nyumba unaamuliwa na wachache. Na mtu asiyeamua chochote hapandi mti, maana mwezi wa sita anaweza kuhama. Akikwama anakimbilia kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kila wiki, kwa sababu kwenye kikoba cha mtaa wanaulizana: huyu ana nyumba hapa? Hana? Akitoroka tutamshika wapi?

Shule nayo inasimulia habari hiyohiyo. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto walifurika shule za msingi za serikali, na viunga ndivyo vilivyobeba mzigo mkubwa kwa sababu ndiko familia changa ziliko. Saa kumi na moja alfajiri mabasi ya njano yanachukua watoto wa nyuma ya kuta. Saa kumi na mbili watoto wa vyumba vya uani na wa mwenyeji wanatembea kwenda shule ya serikali, wengine wa zamu ya mchana. Watoto wa mtaa mmoja, hawajuani majina. Kizazi kilichopita, mtoto wa karani na mtoto wa mkulima wa Goba walicheza chandimu uwanja mmoja, sababu kubwa ikiwa kwamba uwanja ulikuwepo. Leo uwanja ni fremu.

Nikivuka mpaka kwenda Mapinga na Mlandizi, naona mambo yaleyale yanaanza upya, na hapo ndipo roho inaponiuma. Madalali walewale. Ishirini kwa ishirini ileile. Treni ya kisasa imeanza kufanya kazi tangu katikati ya 2024 na ina kituo Soga, kwa hiyo wajanja wameshanusa. Wazee wa huko wana mikorosho na minanasi, hawana bima ya afya, na wageni wanakuja na bahasha.

Nina maoni, mkiyakataa ni haki yenu. Kwanza, ewe mzee wa Mlandizi au wa Vikindu: si lazima kuuza. Kipande kilichoko barabarani kikodishe. Mwenye hela anayetaka pa kuweka tofali au gereji yuko tayari kukodi ukimkazia. Bei ya kukodi ni ndogo, inakera, lakini inakuja kila mwaka kama korosho ilivyokuwa inakuja, na ardhi inabaki na jina lenu. Mkiamua kuuza, mama asaini juu, siyo chini kwa mashahidi. Na halmashauri za Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na Kisarawe zitenge leo viwanja vya soko, shule na michezo, wakati heka bado inaitwa heka. Ikishakuwa ishirini kwa ishirini, hakuna mkurugenzi atakayekuwa na bajeti ya kununua uwanja wa mpira. Kwa upande wa wenyeviti wa mitaa yetu, ombi langu ni dogo: mkutano mmoja kwa miezi mitatu ufanyike Jumapili jioni, mpangaji awepo.

Basi swali letu kwa mara ya mwisho, nililoahidi. Mtaa umetajirika, nani ametajirika? Safari hii sitalijibu, nataka mlijibu ninyi mlioko Kerege, Mapinga, Mlandizi, Vikindu, mliotoka Goba, Madale, Mbagala, Kimara. Tuandikieni. Semeni mlihama mwaka gani, huko mlikotoka nyumba yenu ilikuwa inaingiza hela kwa kazi gani, na sasa inaingiza kwa kazi gani. Msiandike mambo makubwa, andikeni hayo matatu tu. Nitayasoma hapahapa kipindi kijacho, bila majina.

Fundi mitambo ananinyooshea kidole kwenye saa, na wewe wa siti ya nyuma naamini sasa umefika angalau Temboni.